Sura ya Sita: Nani Kaumia?

Ijumaa ya tarehe 5 Julai 2024, Rais William Ruto aliwatangazia Wakenya kutoka Ikulu ya Nairobi kwamba Serikali yao ingefunga mkanda. Siku kumi kabla, vijana walikuwa wameingia Bungeni kwa nguvu wakiupinga Mswada wa Fedha uliokusudiwa kuongeza kodi kwa takriban shilingi bilioni 346. Mswada ulikwisha kuondolewa, na pengo lilibaki. Rais akasema sehemu yake, shilingi bilioni 177, ingezibwa kwa kupunguza matumizi, na iliyobaki kwa mkopo.

Kisha akaisoma orodha. Mashirika 47 ya serikali yenye majukumu yanayogongana yangevunjwa. Washauri serikalini wangepunguzwa kwa nusu. Magari mapya yasingenunuliwa kwa miezi kumi na miwili. Safari zisizo za lazima zingesimamishwa, mafungu ya siri yangefutwa, na ofisi za mke wa Rais na mke wa Naibu Rais zisingetengewa fedha tena. Hakuna Mkenya aliyehitaji kuelezwa kwa nini orodha hiyo ilichaguliwa. Ilikuwa na kila kitu kilichokuwa kikiwaudhi watu.

Mwezi mmoja baadaye bajeti ya nyongeza ikatiwa saini. Matumizi yalipunguzwa kwa shilingi bilioni 145.7, si 177. Takriban bilioni 105 kati ya hizo zilitoka kwenye fungu la maendeleo, na bilioni 40 hivi zikatoka kwenye matumizi ya kawaida, yaani mishahara, ofisi, safari na shughuli za kila siku. Kwa lugha ya asilimia, maendeleo yalikatwa kwa karibu 16, matumizi ya kawaida kwa 2 hivi. Rais alikuwa amewatajia watu washauri na magari. Mkasi ukapita kwenye miradi.

Kwa hiyo, je, punguzo lilikuwa la uongo? Hapana. Bilioni 145.7 si fedha za kuchezea, na mkandarasi aliyekuwa akisubiri malipo ya kazi yake hakuhitaji mchumi wa kumthibitishia kwamba zimekatwa. Ila punguzo lililotangazwa na punguzo lililofanyika havikuwa kitu kimoja.

Sura hii inatoa dai moja tu. Punguzo la kweli huwa na mtu anayelia. Serikali ikisema imepunguza matumizi na asipatikane mtu, ofisi, kampuni wala kijiji kilichokosa kitu, basi hapakupunguzwa chochote. Na akipatikana aliyekosa, mara nyingi si yule aliyetajwa kwenye hotuba. Anayeuliza "nani kaumia?" ataelewa bajeti haraka kuliko anayeuliza "kiasi gani?"

Kukata kisichokuwepo

Mfano safi kuliko yote uko mbali na kwetu. Usiku wa tarehe 8 Aprili 2011, ukiwa umebaki muda mfupi serikali ya Marekani ifungwe kwa kukosa bajeti, Rais Barack Obama, Spika John Boehner na kiongozi wa Seneti Harry Reid walikubaliana kukata dola bilioni 38 na ushei. Obama aliwaambia wananchi wake kwamba hilo lilikuwa punguzo kubwa kuliko yote ya mwaka mmoja katika historia ya nchi yao. Wapinzani wake nao walilipigia makofi, maana wao ndio waliolidai.

Siku chache baadaye Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ikapiga hesabu. Hadi mwaka wa fedha utakapoisha tarehe 30 Septemba, matumizi halisi yasiyo ya dharura yangepungua kwa dola milioni 352. Katika kila dola mia zilizodaiwa kukatwa, haikufika dola moja ambayo ingebaki kwenye hazina mwaka huo.

Mabilioni mengine yalikuwa wapi? Bunge, la Marekani au la kwetu, haligawi noti. Linatoa ruhusa ya kutumia. Wizara inaweza kuwa na ruhusa ya bilioni kumi na isitumie hata tano, kwa sababu kazi imekwisha au sheria nyingine inaizuia. Ruhusa hiyo iliyolala ndiyo iliyokatwa. Kulikuwa na dola bilioni 1.7 zilizobaki katika sensa ya mwaka 2010, sensa ambayo ilikwisha kufanyika na isingerudiwa mpaka miaka kumi ipite. Kulikuwa na mabilioni ya bima ya afya ya watoto ambayo majimbo yasingeweza kuyachukua mwaka ule. Watetezi wa makubaliano walisema athari yake ingeonekana zaidi katika miaka iliyofuata, na kwa kiasi fulani walikuwa sahihi. Lakini muulize karani wa sensa iliyokwisha kama aliumia. Hakuwepo kazini.

Huku kwetu hila hii ni rahisi zaidi, kwa sababu bajeti zetu mara nyingi huandikwa kwa matumaini. Kodi hukadiriwa juu, wizara hupewa fungu kubwa, mwaka huenda mpaka nusu, fedha hazijafika. Fungu ambalo lisingefika likifutwa Februari, kwenye karatasi limepunguzwa. Wizarani hakuna aliyehisi tofauti.

Ng'ombe wawili wa mjomba

Bajeti ya Kenya iliyosomwa Juni 2023 ilikuwa takriban shilingi trilioni 3.68. Ile iliyosomwa Juni 2024 ilikuwa takriban trilioni 3.99. Toa bilioni 145.7 zilizokatwa, unabaki na kama trilioni 3.85. Yaani baada ya vijana kufa barabarani, mswada kuondolewa, hotuba kusomwa na mkasi kupita, bajeti ilikuwa bado imezidi ile iliyosomwa mwaka mmoja kabla kwa bilioni 170 hivi.

Ni kama mjomba aliyekuwa na ng'ombe mmoja, akatangaza kijijini kwamba atanunua wengine wawili, kisha akanunua mmoja tu na kudai amepunguza mifugo. Wanakijiji watamcheka. Serikali hatuicheki, kwa sababu hatukumbuki ilikuwa na ng'ombe wangapi mwanzo.

Tuwe waadilifu. Bei hupanda, na katikati ya mwaka 2024 mfumuko wa bei Kenya ulikuwa chini kidogo ya asilimia 5. Bajeti ikiongezeka kwa kiwango hicho haijakua, imesimama. Riba ya madeni nayo hupanda hata waziri akilala njaa. Kwa sababu hiyo kulinganisha miaka miwili hakumtoshi msomaji kumhukumu mtu, lakini kunamtosha kuuliza: umepunguza kutoka wapi? Ukipunguza kutoka kwenye kile ulichotumia mwaka jana, hilo ni punguzo. Ukipunguza kutoka kwenye kile ulichotamani kutumia mwaka huu, hiyo ni tamaa iliyopunguzwa.

Na hata punguzo la Julai halina uhakika wa kufika Juni. Kifungu cha 223 cha Katiba ya Kenya kinairuhusu Serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, mradi ziwe na dharura au upungufu, zisizidi asilimia 10 ya zile zilizoidhinishwa, na Bunge liombwe idhini ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitoke. Kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya mafuriko, nzige na ukame. Kwa miaka mingi kimetumika pia kwa mambo ambayo si mafuriko, si nzige, wala si ukame. Katika mwaka huohuo wa fedha wa 2024/25, bajeti ya nyongeza iliyokata ilifuatwa na nyingine mbili kabla mwaka haujaisha. Bajeti iliyosomwa Juni 2025 ilikuwa takriban trilioni 4.29.

Kubana huku, kupanua kule

Tanzania ina kisa chake, na watu wengi wanakikumbuka kwa furaha. Tarehe 20 Novemba 2015, akilifungua Bunge mjini Dodoma, Rais John Magufuli alisoma hesabu ya safari za nje. Katika miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15, safari hizo zilikuwa zimekula zaidi ya shilingi bilioni 356. Akasema fedha hizo zingetosha kujenga kilometa 400 za barabara ya lami. Siku hizo ndipo alipofuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuelekeza shilingi bilioni 4 kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Safari zikawa za kibali. Mikutano ya taasisi za umma ikaondolewa hotelini na kurudishwa kwenye kumbi za serikali. Kila mtu akajua maana ya kubana matumizi.

Weka hesabu mbili pamoja. Bajeti ya 2015/16 ilikuwa shilingi trilioni 22.5. Ile ya 2016/17, ya kwanza ya awamu mpya, ilikuwa trilioni 29.5. Katika mwaka wa kubana matumizi, matumizi yaliyopangwa yaliongezeka kwa trilioni 7. Hata safari zote za nje zingefutwa, asipande ndege hata balozi, zingeokolewa bilioni 178 hivi kwa mwaka, ambazo hazifiki shilingi tatu katika kila shilingi mia za nyongeza ile.

Magufuli hakuwa akidanganya. Hakuwahi kusema kwamba anataka serikali ndogo. Alitaka reli, ndege, bwawa la umeme na barabara, na alisema waziwazi kwamba fedha za posho zitakwenda huko. Alichofanya kinaitwa kuhamisha, na kuhamisha kunaweza kuwa jambo jema sana. Tatizo lilikuwa kwetu sisi wasikilizaji, tuliosikia kwamba serikali imepungua kumbe imebadilisha inakotumia.

Na waliolia walikuwepo. Wenye hoteli zilizoishi kwa semina walilia mapema. Watumishi wa umma walilia polepole zaidi, kwa sababu upandishaji wa madaraja ulisimamishwa mwaka 2016 kupisha uhakiki, na nyongeza ya mshahara ya kila mwaka ikawa hadithi. Mwalimu aliyestahili kupanda daraja akabaki palepale, huku bei za sokoni zikienda mbele. Hilo lilikuwa punguzo la kweli, ila lilikuwa la kuahirishwa. Madaraja yalianza kutolewa kwa wingi chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, kima cha chini kikapandishwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na mwaka uliofuata akatangaza kurudi kwa nyongeza ya kila mwaka. Kilichookolewa mwaka 2017 kilikuwa na tarehe yake ya kulipwa.

Kulikuwa na punguzo moja la kipindi hicho lililostahili jina lake. Uhakiki uliwaondoa kwenye orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000, watu waliolipwa bila kuwepo. Fedha ilikuwa ikitoka kila mwezi, sasa haitoki, na aliyeikosa alikuwa mwizi. Punguzo la aina hiyo ni adimu, na linapopatikana lisifiwe. Lakini halipatikani mara mbili. Ukishawaondoa wafu kwenye orodha, wanaobaki ni walio hai, nao wana watoto na wana vyama vya wafanyakazi.

Gari la waziri

Viongozi wa Afrika Mashariki wanapotaka kuonyesha ubahili mwema, huanza na mambo mawili: mshahara wao na magari.

Machi 2014 Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake walitangaza kujikata asilimia 20 ya mishahara, na mawaziri asilimia 10. Mshahara wa Rais wakati huo ulikuwa kama shilingi milioni 1.2 kwa mwezi, kwa hiyo punguzo lake lilikuwa robo milioni kwa mwezi, au milioni 3 hivi kwa mwaka. Mishahara ya umma ilihesabiwa kwa mamia ya mabilioni. Machi 2020, wakati wa korona, walikwenda mbali zaidi, asilimia 80 kwa Rais na naibu wake. Ishara hiyo ilikuwa na uzito wake wa kimaadili, kwa sababu kiongozi anayewaambia wengine wajinyime anafaa kuanza yeye. Kama hesabu, ilikuwa tone.

Magari yana mafunzo zaidi. Mwaka 2009 Uhuru huyohuyo, akiwa Waziri wa Fedha, aliagiza mawaziri warudishe magari makubwa yanayokunywa mafuta na kutumia yenye injini isiyozidi cc 1800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat zaidi ya mia. Akiba ikaanza kwa manunuzi. Mawaziri kadhaa wakayashikilia magari yao ya zamani, wengine wakawa na yote mawili, na baada ya miaka michache barabara za Nairobi zikarudiwa na misafara ya magari makubwa kana kwamba hapakutokea kitu.

Rwanda ilijaribu jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 2005 serikali iliyachukua magari kutoka kwa maofisa wake na kuyauza kwa mnada, kisha maofisa wakasaidiwa kununua ya kwao. Msaada huo nao ulikuwa na gharama, kwa hiyo akiba haikuwa kubwa kama ilivyosifiwa. Lakini tofauti na Nairobi inaonekana kwa macho, kwa sababu Kigali kulikuwa na ofisa aliyekwenda nyumbani kwa miguu. Mnada haurudishwi kwa barua ya waziri mwingine.

Mashirika ya serikali yana hadithi inayofanana na ya Passat, ila ndefu zaidi. Mwaka 2013 kikosi kazi cha Rais nchini Kenya kilipendekeza mashirika 262 yapunguzwe hadi 187. Mwaka 2024 Rais mwingine akatangaza kuvunja 47. Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaidhinisha 42 yaunganishwe kuwa 20, na mengine yavunjwe au yabadilishwe. Ukisoma matangazo hayo kwa makini unakuta sentensi moja inayoeleza kwa nini kazi ya mwaka 2013 ilikuwa bado haijafanyika, nayo ni kwamba wafanyakazi watahamishiwa wizarani na kwenye taasisi nyingine. Gharama kubwa ya shirika lisilo na kazi ni watu wake. Ukiwahamisha watu wote pamoja na madeni yote, ulichofunga ni kibao cha mlangoni.

Akiba iliyofichwa kwenye duka la mtu mwingine

Njia ya hatari zaidi ya kupunguza matumizi ni kutolipa.

Hesabu za Serikali ya Kenya kwa muda mrefu zimeandikwa kwa fedha taslimu. Kitu huhesabiwa kuwa matumizi siku kinapolipwa, si siku kinapopokelewa. Mzabuni akileta dawa hospitalini Machi na asilipwe, matumizi ya mwaka huo hayaoneshi dawa, ingawa wagonjwa wamezimeza. Kufikia katikati ya mwaka 2024, malimbikizo ya namna hiyo katika serikali kuu ya Kenya yalikuwa yamepita shilingi bilioni 500, bila kuhesabu ya kaunti. Kiasi hicho ni zaidi ya mara tatu ya punguzo lililotiwa saini mwaka huo. Mwaka huohuo Kenya iliamua kuanza kuhamia mfumo wa hesabu unaoandika deni siku linapozaliwa. Ni uamuzi usio na shangwe, lakini una maana kuliko tangazo lolote la magari.

Fuata barabara uone mzunguko mzima. Julai 2024, mwezi uleule wa hotuba ya kufunga mkanda, tozo ya matengenezo ya barabara iliyomo kwenye kila lita ya mafuta ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Wakandarasi wengi walikuwa wameondoka kwenye kazi kwa kutolipwa. Mwaka uliofuata Serikali ikaziweka rehani zile shilingi 7 za nyongeza ili kupata takriban bilioni 175 za kuwalipa. Ubishi ukazuka, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) nalo likiwamo, kama fedha hizo zihesabiwe kuwa deni la taifa au la. Kwa mwenye bodaboda ubishi huo hauna faida. Anajua kwamba fungu la barabara lilikatwa, kwamba deni la barabara lilibaki, na kwamba analilipa kila anapojaza tangi.

Tanzania ililijua jambo hili kupitia pensheni. Kwa miaka mingi Serikali ilikuwa inadaiwa na mifuko ya hifadhi ya jamii matrilioni ya shilingi, ikiwamo michango ya watumishi wa zamani ambayo haikuwahi kuwekwa. Kila mwaka deni lilipoachwa, bajeti ilionekana nyepesi. Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ili kuanza kulimaliza. Mlipakodi wa leo analipa akiba ya mawaziri wa zamani.

Kwa hiyo kipimo cha pili, baada ya kutazama mwaka uliotangulia, ni madeni ya wazabuni. Matumizi yakishuka na madeni yakipanda kwa kiasi kilekile, hakuna aliyebana. Serikali imekopa kutoka kwa mwenye duka bila kumwomba, na bila kumwambia riba.

Punguzo lisilo na hotuba

Mapunguzo makubwa ya kweli yapo, na kwa kawaida hayana hotuba.

Kwa miaka kadhaa Kenya iliahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma kwa mwaka. Kiwango hicho kilibaki palepale huku bei ya unga, chaki na umeme ikipanda, kwa hiyo kila mwaka thamani yake ilipungua bila mtu yeyote kutia saini. Kisha Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi akaiambia kamati ya Bunge kwamba uwezo uliopo unafika shilingi 16,900 tu. Shilingi elfu tano na mia tatu hivi zilikuwa zimekatwa kwa kila mtoto. Hakuna rais aliyesimama Ikulu kulitangaza punguzo hilo kama ushindi, ingawa ni la kweli kuliko lile la washauri. Walimu wakuu walilijua kwa kushindwa kumlipa anayewaletea maharagwe, na wazazi wakalijua kwa michango mipya.

Kwa nini mkasi hupita huko? Sababu si ukatili. Fikiria uko kwenye kiti cha waziri. Riba ya madeni hulipwa kabla ya kitu kingine chochote, na nchini Kenya ilikuwa inakaribia trilioni 1 kwa mwaka. Mishahara ina mikataba na ina vyama. Madaktari waligoma kwa wiki nane mwaka 2024, sehemu kubwa ikiwa juu ya malipo ya madaktari wanagenzi. Mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,000 kwa mwezi, Serikali ikasema ina uwezo wa 70,000, na kabla mwaka haujaisha Serikali ikakubali ule wa mkataba. Aliyejipanga alirudishiwa chake. Kilichobaki mezani kwa waziri ni vitu visivyoweza kugoma: daraja ambalo halijajengwa, dawa ambayo haijaagizwa, mwanafunzi ambaye hajui alistahili kiasi gani. Mkasi hufuata ukimya.

Ushahidi mkubwa wa kanuni hiyo umetoka tena Marekani, na safari hii umefika mpaka kwetu. Oktoba 2024 Elon Musk alisema angeweza kukata dola trilioni 2 katika bajeti ya nchi yake. Mapema 2025, akiongoza kazi ya kikosi kilichoitwa DOGE, lengo likawa trilioni 1, na kufikia Aprili akataja bilioni 150. Orodha ya akiba iliyotangazwa hadharani ilikuwa na mkataba mmoja ulioandikwa dola bilioni 8 ambao kumbe ulikuwa wa milioni 8. Mwaka wa fedha ulipofungwa, matumizi ya serikali ya Marekani yalikuwa takriban trilioni 7, juu ya yale ya mwaka uliotangulia ambayo yalikuwa trilioni 6.75.

Ukiishia hapo utasema yote yalikuwa maigizo. Uliza nani kaumia, utapata jibu jingine. Machi 2025 Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na Julai shirika lenyewe likakoma. Msaada wa nje ulikuwa kama asilimia 1 ya bajeti ya Marekani, kwa hiyo hesabu ya Washington haikutikisika. Kliniki za VVU za Kenya, Uganda na Tanzania zilitikisika. Wahudumu waliolipwa na miradi hiyo wakarudishwa nyumbani, na wizara zetu za afya zikabaki na mzigo ambao hazikuwa zimeupangia. Kati ya wote walioishi kwa bajeti ile, aliyekatwa kwanza alikuwa mgonjwa asiye na kura Marekani.

Tangazo lijalo

Litakuja jingine, labda kabla ya uchaguzi, labda baada ya maandamano. Msomaji wa sura hii hahitaji shahada ya uchumi ili kulipima. Anahitaji karatasi tatu na subira.

Karatasi ya kwanza ni bajeti ya mwaka uliotangulia, kwa sababu bila hiyo neno "tumepunguza" halina mwanzo. Ya pili ni ripoti ya matumizi halisi. Nchini Kenya hutolewa kila baada ya miezi mitatu na Msimamizi wa Bajeti, ofisi iliyoundwa na Katiba ya 2010 na kushikwa kwa miaka hii na Margaret Nyakang'o. Nchini Tanzania msomaji husubiri ripoti ya kila mwaka ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Humo ndimo kilichoahidiwa hukutana na kilicholipwa. Ya tatu ni orodha ya madeni ya wazabuni, ambayo wanasiasa huipenda kidogo kuliko zote.

Subira inahitajika kwa sababu karatasi hizo huchelewa. Tangazo hutolewa Julai, likaongoza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ukweli wake hutoka miezi kumi baadaye, katika ukurasa wa mia mbili wa ripoti ambayo wahariri wengi hawataifungua. Mwanasiasa anajua urefu wa muda huo kuliko sisi, na nusu ya ustadi wake ni kuutumia.

Zikikosekana karatasi, swali lenyewe linatosha. Kiongozi akitangaza punguzo, mwombe amtaje atakayekosa: ni ofisi gani, mkataba upi, mshahara wa nani, kuanzia mwezi gani. Akiwa na jibu, mnaweza kubishana kama huyo ndiye aliyestahili kukosa, na huo ndio ubishi wa maana katika siasa ya bajeti. Akikosa jibu, ama hakuna kitakachokatwa, ama ameshamchagua wa kumkata na hataki umjue. Katika hali hiyo ya pili, anza kumtafuta nyumbani kwako, kwenye karo ya mtoto, kwenye risiti ya mafuta, na kwenye dirisha la dawa la zahanati iliyo karibu nawe.